Nusu Aliyoiacha Loth

Loth hakuwahi kuitazama sinema mpaka mwisho kabla ya kuitafsiri. Watafsiri wengine wa vibandani huiangalia kwanza nyumbani, wakapanga vichekesho vyao, wakajua steringi, yule shujaa wa picha, atapigwa wapi na adui atafia wapi. Yeye alikataa katakata. "Nikishaujua mwisho nitaanza kuwaringia watu," alikuwa akimwambia dada yake Dorkas. "Mimi nataka nishtuke pamoja nao." Kwa hiyo kila jioni alisimama kando ya tivii kubwa kwenye kibanda cha sinema cha Mzee Salehe, nyuma ya soko la Same, maiki mkononi, akisikiliza Kiingereza kwa masikio na kumwaga Kiswahili kwa mdomo. Alipokosea, alikosea mbele ya kadamnasi, na kadamnasi ikamsamehe kwa sababu aliichekesha.

Alikuwa na desturi yake nyingine. Kila steringi alimpa ukoo wa Kipare. Mpelelezi mrefu mwenye koti jeusi alikuwa Mbwambo. Mwanajeshi asiyeishiwa risasi alikuwa Mrutu. Na ile sinema yake ya mwisho, iliyokuwa ya mtu mwenye mikono ya chuma anayeruka angani, haikumpa kazi hata kidogo. Aliiona ile mikono ikimetameta, akainua maiki: "Jamani, huyu ni Mshana!" Kibanda kikapasuka kwa kicheko, maana nani katika milima hii asiyejua kwamba Washana ndio waliokuwa wafua chuma?

Nusu ya kwanza ilikwenda hivi. Kulikuwa na jiji kubwa lililojengwa bondeni, chini ya ukuta wa bwawa. Loth akaliita bwawa lile ndiva, kama yale mabwawa ya maji ya kumwagilia ambayo wazee wa Upareni waliyachimba kwa mikono na ambayo mpaka leo watu huyazibua matope kwa pamoja, kwa msaragambo. Adui alitaka kuibomoa ndiva ile ili watu wa jiji wampigie magoti. Mshana akamzuia mara ya kwanza, akamzuia mara ya pili. Watu wakampenda, wakamchongea sanamu, wakakusanyika chini yake wakipaza sauti neno moja, tena na tena. Loth alilisikia vizuri neno lile. Walikuwa wakimwita mungu. Lakini kwenye kibanda cha Mzee Salehe nusu ya benchi wametoka msikitini na nusu nyingine wamebatizwa, na yeye Loth mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani Jumapili. Akasema: "Wanasema, mtumishi wetu! Mtumishi wetu!" Mzee Salehe, aliyekuwa amekunja uso pale mlangoni, akaukunjua.

Halafu jijini kikalia kitu. Sauti ndefu, nzito, ya kupanda na kushuka. Loth alisita kidogo tu. Ndiva ipo, hatari ipo, sauti inalia mji mzima: ingekuwa nini nyingine? "Baragumu hilo!" akapiga kelele. "Baragumu la msaragambo! Kila mwenye jembe na atoke, kila mwenye chepe na atoke, ndiva inavuja!" Watu wakapiga makofi. Umeme ukakatika papo hapo.

"Msiondoke na kinyongo," Loth aliwaambia gizani. "Kesho tunamalizia."

Kesho yake asubuhi hakuweza kuinua kichwa kitandani. Homa ilikuwa imempanda kichwani, shingo imekaza kama ubao. Hospitali ilijitahidi. Kabla ya wiki kwisha walimpandisha milimani, kijijini kwao Vudee, kwenye gari la wazi, juu ya magunia matupu ya tangawizi, wakamzika nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye ukungu, udongo ukiwa umelowa.

*

Siku Dorkas alipoagana na mama yake kurudi Same, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Kule kwenye kiunga cha juu," mama alisema, "nimewaambia binamu zako wamalizie lile tuta la Loth. Jembe la marehemu haliachwi katikati ya tuta. Liishe kabla ya arobaini."

"Liishe, mama."

"Kuna kingine alichokiacha nusu?"

Dorkas alifikiri. Fundi wa kitanda Loth alishamlipa. Mchumba hakuwa naye. "Sinema," akasema.

Mama akausukuma ungo wa maharage pembeni. "Sinema si shamba."

"Watu wanaisubiri, mama. Aliwaambia kesho."

Mama huyu hakuwahi kuona sinema hata moja, na mtoto wake alipoanza kazi ile alilia akidhani ni kazi ya pombe. "Kama aliwaambia," alisema hatimaye, "basi aliwaambia." Akavuta tena ungo wake.

Dorkas alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake upande wa mashariki wa soko. Alimaliza kidato cha nne akiwa na Kiingereza kizuri kuliko cha Loth, ndiye aliyekuwa akimsahihisha mezani, Loth akimjibu, "Dada, watu hawaji kwa sarufi." Kuzungumza mbele ya watu hakukuwa kazi yake. Hata kwaya aliimba mstari wa nyuma. Lakini alipofika Same alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Salehe, vumbi la safari bado liko kwenye sketi yake nyeusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena. Mama hajambo?"

"Anajikaza. Baba, nimekuja kuchukua maiki ya Loth. Nataka kuimalizia ile sinema."

Mzee Salehe alimtazama kama mtu aliyeombwa kuazima ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amekwisha kuongea na Anderson, mtafsiri wa kutoka Mwanga, kijana mwenye miwani ya jua na sauti tano tofauti. Na Anderson mwenyewe alikuwepo, ameketi juu ya spika anakunywa soda.

"Dada yangu," Anderson alisema, "pole sana kwa msiba. Loth alikuwa kaka yangu kwenye gemu. Lakini hii kazi achia wenye sauti. Nipe mimi nusu iliyobaki. Yule adui nitamfanya Mchaga, watu watavunjika mbavu. Kwenye msiba kinachotakiwa ni kicheko."

"Loth hakukwambia wewe umalizie."

"Na wewe alikwambia?"

"Mimi ni wa nyumba yake."

Anderson akamgeukia Mzee Salehe, mikono imefunguka. Mzee Salehe akajikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hujua kibanda kitajaa kwa nani. Lakini alikuwa pia amebeba jeneza la Loth kutoka hospitali mpaka garini, bega lake la kulia.

"Jumapili alasiri," akasema. "Baada ya ibada yenu. Na iishe kabla ya magharibi, maana adhana ikilia mimi nazima spika hata kama steringi yuko hewani."

*

Kompyuta ya Loth ilikuwa na sinema ile. Dorkas aliiangalia nusu ya pili peke yake mchana, mlango wa kibanda cha cherehani ukiwa umerudishwa, na ilipofika mahali pa kwanza pa maana alisimamisha picha, akarudisha nyuma, akasikiliza upya.

Ile sauti haikuwa baragumu la kuita watu. Ilikuwa king'ora cha kuwaambia wakimbie. Nusu ya pili ilianza nacho kikilia bado, na watu wote wa jiji wakashuka kwenye mahandaki, wakafunga milango ya chuma, wakatoa simu zao kutazama. Mshana alipanda kwenye ndiva peke yake. Ukuta ulikuwa umepasuka. Akaupa mgongo ufa ule, akanyoosha mikono yake ya chuma huku na huku, akaushikilia usianguke, mpaka wale waliojificha wakasalimika na yeye akafa.

Dorkas alibaki ameshika mkasi. Kwa Wazungu wale kosa halikuwepo. Kengele imesema jificheni, watu wamejificha, shujaa amefanya kazi ya ushujaa. Lakini kibanda cha Mzee Salehe hakikusikia king'ora. Kilisikia msaragambo. Na katika milima hii, baragumu la msaragambo likilia, anayebaki nyumbani na mikono mizima huulizwa jina, hutozwa faini, na aibu yake hukaa muda mrefu kuliko faini.

Alimpelekea Mzee Salehe habari ile jioni, akamkuta anapanga mabenchi, akamsimulia yote kwa mdomo na kwa mikono.

"Basi ni rahisi," mzee alisema. "Anza kwa kusema ile ilikuwa king'ora. Watu watakuelewa. Binadamu hukosea."

"Nisimame mbele ya watu, neno langu la kwanza liwe marehemu alikosea?"

"Kwani hakukosea?"

Dorkas alikamata ncha nyingine ya benchi, wakalisogeza pamoja.

"Baba, mtu akizama mtoni, na watu wamejaa kingoni wanatazama, dini yenu inasemaje?"

"Ah." Mzee Salehe aliketi. "Hilo nitakwambia. Kuna faradhi ya kila mtu peke yake, kama sala. Halafu kuna ya watu wote kwa pamoja. Maiti akikosa wa kumzika. Mtu akizama. Akiingia mmoja akamtoa, wote wamepona lawama. Asipoingia hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Inaitwa fardhi kifaya."

"Na ni msaragambo."

"Usinifundishe msaragambo, mimi mama yangu ni wa Vudee. Nimezoa matope ya ndiva kabla wewe hujazaliwa." Kisha akamkazia macho. "Unataka kufanya nini, Dorkas?"

"Loth alisema ni baragumu. Litabaki baragumu. Nami nitasema walichofanya lilipolia."

"Na kule kunyoosha mikono vile? Nimekuona unavyoonyesha. Wangu watasema umewaletea msalaba kibandani. Wenu watasema umeuchezea."

"Ni mtu anashikilia ukuta, baba. Mwenye kuona zaidi ya hapo ataona mwenyewe."

*

Wa kwanza kuona alikuwa Mzee Asheri, mzee wa kanisa, na aliona kabla hata sinema haijaonyeshwa. Alikuja siku ya Ijumaa na suruali ya kupunguza kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dorkas. Poleni. Tumewaombea." Akamwacha apime, akapumua. "Nasikia Jumapili utasimama kwenye banda la sinema."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeulizia habari ya sinema hiyo. Mtu ana nguvu za mbinguni, anaokoa mji, anakufa amenyoosha mikono. Halafu, wananiambia, anafumbua macho. Kweli si kweli?"

"Kweli. Mwishoni kabisa, majina yakishapita."

"Mwokozi ni mmoja, binti yangu."

"Ni mmoja, mzee. Ndiyo maana huyu nitamwita Mshana."

Mzee Asheri karibu acheke, akajizuia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha na familia ile Vudee siku mbili kwenye baridi, na alisoma neno la kaburini kwa sauti isiyotetereka. Lakini alikuwa ameona mengi yakianza kwa mzaha. "Watoto wanaona shujaa anapigwa risasi anasimama, anakufa anaamka. Kesho ukiwasimulia habari ya kaburi wazi watakwambia, hiyo tumeshaiona kwa Salehe. Unanielewa? Huo ndio uchungu wangu. Si wewe."

"Ninakuelewa."

"Basi acha."

Dorkas alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa. "Siwezi, mzee. Ndugu yangu aliwaambia watu kesho."

"Nitalifikisha kwenye baraza la wazee."

"Suruali itakuwa tayari kesho mchana."

*

Jumapili ile upepo wa Same ulikuwa unazoa vumbi la uwanja mzima, na pengine hilo ndilo lililowasukuma watu ndani. Kibanda kilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Madereva wa bodaboda walishika benchi la mbele, wakiongozwa na Bahati, ambaye alikuwa rafiki wa Loth na mtani wake mkubwa, na ambaye tangu mazishi hakuwa ameingia humo. Wanawake wa sokoni walikaa pamoja upande wa feni. Anderson alisimama ukutani, miwani juu ya kichwa. Mzee Asheri alisimama mlangoni, mguu mmoja nje mmoja ndani, kofia mkononi.

Dorkas alishika maiki. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Sauti yake ilipotoka kwenye spika alishtuka kama ni ya mtu mwingine.

Alianza kwa kumwiga Loth. Alikuwa amejifunza nyumbani: ile sauti nene ya kifuani, ule mlio wa "jamani". Haikufika hata dakika tano.

"Dada Dorkas!" Bahati alipaza sauti. "Unatuimbia tenzi au unatafsiri?"

Kicheko kikazuka. "Besi ya kwaya hiyo!" mwingine akadakia. Mama mmoja muuza nyanya akasema, "Mwacheni, ana msiba," na hilo lilimchoma Dorkas kuliko kicheko. Anderson akajinyoosha pale ukutani, tayari.

Dorkas alishusha maiki. Pichani Mshana alikuwa anatembea kwenye mtaa, bila neno lolote la kutafsiri, na kwa muda ule wote alisimama tu, akiona vumbi likielea kwenye mwanga wa tivii. Akainua maiki tena.

"Bahati," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ile anayoongea nayo na wateja. "Loth hayupo. Ungekuwa wewe ndiye unayesikia Kiingereza hiki ningekupa maiki. Sasa tusikilizane. Mshana anapita mtaani. Baragumu bado linalia."

Kibanda kikanyamaza, kwanza kwa ajili ya Dorkas, halafu kwa ajili ya picha.

"Watu wamelisikia," Dorkas aliendelea. "Wanatoka majumbani."

"Eeh, watoke!" mtu akasema nyuma.

"Wanakimbia."

Pichani umati ulikuwa unamiminika barabarani, akina mama wamebeba watoto, wanaume wameshika mikoba. Ndiva ilionekana juu yao, nyeupe, kubwa. Wote walikuwa wameipa kisogo.

"Wanakimbilia wapi hao?" Bahati aliuliza, safari hii bila utani. "Ndiva si iko juu?"

"Iko juu."

"Sasa?"

"Wanashuka chini. Kuna mashimo, wamejengewa. Wanaingia. Wanafunga milango."

Kisha yule mama wa nyanya akasimama. "Baragumu limelia na wao wanajifungia? Wote?"

"Wote, mama."

"Hata mmoja hakupanda?"

"Hata mmoja."

"Tokeni, nyie!" mama alipiga kelele kuielekea tivii, na kama aliyefungua mlango, kibanda kizima kikamfuata. "Tokeni!" "Chukueni machepe!" "Mwenyekiti wao yuko wapi? Andika majina!" "Faini! Mbuzi kila nyumba!" Kulikuwa na kicheko ndani yake, lakini kicheko kilichokaza meno. Mwanamume mmoja mzee, kanzu nyeupe, alikuwa anatikisa kichwa akisema taratibu, "Mji mzima. Dhambi ya mji mzima." Dorkas alimwona Mzee Salehe akitazama chini.

Pichani mwanamke mmoja handakini alitoa simu yake, akaishika kwenye upenyo wa mlango apate kumpiga picha Mshana akipaa kuelekea ukutani.

"Anasemaje huyo?" Bahati aliuliza.

"Anasema, tazameni, atatuokoa."

Bahati alisonya msonyo mrefu.

Mshana alifika kwenye ufa. Maji yalikuwa yanachirizika, halafu yakaruka. Akaweka mgongo. Akanyoosha mikono huku na huku, vidole vya chuma vikachimba zege, na muziki ukapanda. Picha ikarudi nyuma polepole mpaka akaonekana mzima, mdogo kwenye ukuta mweupe. Mikono ile haikuhitaji mtafsiri. Mnong'ono ulipita upande mmoja wa mabenchi, ukapita na upande mwingine. Mtu akasema "Yesu wangu." Mwingine akasema "Astaghfirullahi."

"Dorkas!" Ilikuwa sauti ya Mzee Asheri, kutoka mlangoni, sauti ya kaburini isiyotetereka. "Mbele ya watu hawa wote. Huyo ni nani?"

Vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye, halafu vikamgeukia Dorkas. Alijua Loth angejibu nini: angetania, watu wangecheka, jambo lingepita. Hakuwa na utani.

"Ni mtu aliyeachwa peke yake, mzee," akasema kwenye maiki. "Baragumu lililia kwa ajili ya wote. Akaja mmoja."

Mzee Asheri hakutoka.

Na hapo ndipo mahali ambapo Dorkas alikuwa amepaogopa wiki nzima. Uso wa Mshana ulijaza tivii, na midomo yake ikaanza kwenda. Alikuwa anasema kitu. Muziki ulikuwa umefunika kila neno. Watengenezaji wa sinema walitaka iwe hivyo. Mahali kama hapo mtafsiri hujaza. Ndiyo ufundi wenyewe. Anderson angetia kichekesho. Loth angetia buriani ndefu kwa mama yake Mshana huko Usangi, na wanawake wangelia. Mtu mwingine angetia sala, na kibanda kingegawanyika katikati.

Dorkas alifungua mdomo. Akakiona kitanda cha hospitali, na midomo ya Loth iliyokuwa imekauka, inakwenda, inakwenda, na yeye ameinama sikio lake likigusa meno ya ndugu yake na bado hakuambulia neno. Watu wengi msibani walimuuliza, alisemaje mwisho? Wengine walitaka kusikia jina la Yesu, wengine la mama. Kila aliyeuliza alimjibu lile lile.

"Anasema kitu," aliwaambia watu wa kibandani. "Hakisikiki."

Basi. Hakuongeza. Midomo ilikwenda mpaka ikasimama, na hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga mluzi. Bahati alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti, mabega yanatikisika.

Maji yalitulia. Milango ya chuma ikafunguliwa na watu wakatoka, wakapanda sasa, wote, wakati hakuna tena cha kufanya. Walimshusha kutoka ukutani. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye tivii, na Mzee Salehe akanyoosha mkono kuzima. Ilikuwa desturi kuzima hapo. Tena alijua kilichobaki, na jua lilikuwa linazama.

"Acha iende, baba," Dorkas alisema.

"Mwanangu, wataanza kubishana humu."

"Aliwaahidi sinema nzima."

Mzee Salehe alitazama saa, akarudisha mkono. Majina yakapita. Kisha picha ikarudi: Mshana amelazwa chini ya sanamu yake mwenyewe, umati umemzunguka kimya. Karibu kabisa na uso. Macho yakafumbuka.

Kibanda kililipuka. "Steringi hafi!" bodaboda wakaimba, wakigonga benchi. "Steringi hafi!" "Amefufuka huyo!" "Hajafufuka, hakufa, alizimia!" "Alikufa, dada kasema alikufa!" "Chuma hicho, chuma hakifi!" Mzee wa kanzu nyeupe alikuwa amesimama anamwonyesha jirani yake kidole, na jirani anamwonyesha chake. Ilikuwa kama Mzee Salehe alivyosema.

"Dada Dorkas!" Bahati alipaza sauti juu ya zote. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ndiye unayejua Kiingereza. Alikufa au hakufa?"

Wakageuka kumngoja. Ilikuwa ajabu, jinsi watu wengi vile walivyoweza kungoja neno la fundi cherehani.

"Sinema inasema alikufa, na inasema amefumbua macho," alisema. "Zaidi ya hapo haikusema, na mimi siongezi. Lakini mtazameni anawatazama nani."

Picha ilikuwa bado imesimama. Kando ya uso wa Mshana, kwenye chuma cha mkono wake, nyuso za watu wa jiji zilionekana zimeinama, ndogo, wote waliojifungia.

"Hao walilisikia baragumu," Dorkas alisema. "Sasa kafumbua macho. Watamwambia nini?"

Tivii ikawa nyeusi. Kutoka upande wa barabara kuu adhana ya magharibi ikaanza, na Mzee Salehe akazima spika kwa kidole kimoja. Watu waliinuka taratibu, kama wanaotoka msibani, wakisukumana kidogo mlangoni. Anderson alipita mbele ya Dorkas, akasita. "Mimi pale kwenye midomo ningeharibu," alisema haraka, akashusha miwani yake na kutoka.

Kibanda kilipokuwa karibu tupu, Mzee Asheri alikuwa bado pale pale. Akaja mpaka kwenye tivii.

"Baraza ni Jumatano," alisema.

"Nitafika mapema, mzee. Nitasema mbele yao kama nilivyosema hapa."

"Sijui watakuamulia nini."

"Waamue. Mimi nimemaliza."

Mzee aligeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Nje watu walikuwa wanaongea kwa sauti za chini.

"Na wale watu," akasema. "Walimwambia nini?"

"Haikuonyesha, mzee."

Mzee Asheri aliitikia kwa kichwa. Akavua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye msumari, akashika ncha ya benchi la kwanza. Dorkas akaweka maiki chini, akashika ncha ya pili.